Hamira ya Saint Paul na swali la seli moja



Nikisema kazi yangu ni maabara ya mageuko, Waswahili wenzangu hapa Minneapolis huniuliza, "Kwa hiyo, Profesa, mnachunguza nyani?" Hapana. Miaka mingi sasa nashinda na hamira, ya jamii ile ile inayoumua maandazi.

Leo naomba niwaeleze utafiti mmoja uliofanyika Chuo Kikuu cha Minnesota, hapa hapa kwetu. Mimi sikushiriki, ila ulinibadilisha mawazo.

Swali lenyewe ni la zamani. Viumbe wa mwanzo walikuwa na seli moja moja, kila seli ikijitafutia riziki yake. Ilikuwaje zikaungana zikawa mwembe, papa, na binadamu? Na kwa nini seli ikubali kufa kwa faida ya nyingine? Wengi wetu tuliamini hatua hiyo ni ngumu mno, haiwezi kuonekana maabarani.

William Ratcliff, Michael Travisano na wenzao wakachukua hamira ya seli moja moja, wakaitia katika mirija 10 ya chakula cha majimaji. Waliiacha ikue kwa siku nzima huku ikitikiswa. Kisha walituliza mirija kwa dakika 45, wakachota kidogo kutoka chini kabisa na kukihamishia kwenye chakula kipya. Vilivyobaki juu vilitupwa. Kesho yake tena hivyo hivyo. Basi, hakuna mashine ya ajabu hapo. Seli zilizoshikana huzama upesi, kwa hiyo ndizo zilizopona. Kufikia siku ya 60, mirija yote 10 ilikuwa na vishada vyenye matawi kama chembe za theluji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012.

Kumbe vishada hivyo si mkusanyiko wa wapita njia. Seli ya mama huzaa mtoto, mtoto haondoki, naye huzaa wake papo hapo. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba kuharibika kwa jeni moja tu, ACE2, kunatosha kuleta hali hiyo. Kwa kuwa wote ni damu moja, seli ikifa jeni zake huendelea kupitia nduguze. Na kweli, baadhi ya seli hufa mapema, tawi likakatikia hapo, na kipande kinachochomoka kikaanza ukoo wake.

Wapo waliopinga: eti hamira ilikumbuka tu mababu zake waliokuwa na seli nyingi. Hoja nzuri. Mwaka 2013 watafiti hao wakaleta matokeo kama hayo kwa mwani wa seli moja, ambao ukoo wake haujulikani kuwahi kuwa na mababu wa namna hiyo. Baadaye Ratcliff alihamia Georgia Tech, na mwaka 2023 kundi lake lilitangaza vishada vilivyokua takriban mara 20,000, vinavyoonekana kwa macho bila darubini.

Sasa, kwa nini nawachosha na haya? Nilipokuwa kijana nikifundisha katika chuo kimoja nyumbani, umeme ulikatika siku mbili, vielelezo vyangu vyote vikaoza. Nikaapa kwamba sayansi ya kweli haiwezekani kule, nikaondoka. Kiapo hicho nimekirudia mbele ya watu kwa zaidi ya miaka ishirini.

Lakini jamani, jaribio hili kiini chake ni hamira, sukari, mirija, darubini na subira. Hata friza la kuhifadhia mababu si lazima liwe la bei mbaya: hamira ya dukani imekaushwa na bado iko hai. Tayari kuna zoezi la wanafunzi lililotengenezwa kutokana na utafiti huu.

Sisemi matatizo ya nyumbani ni ya kubuni. Umeme hukatika, mishahara huchelewa. Ila mimi kilichonipungukia siku ile hakikuwa vifaa peke yake, kilikuwa swali linaloweza kujibiwa kwa vifaa nilivyokuwa navyo. Mwanafunzi wa Morogoro au Maseno akiniandikia leo, sitamwambia tena kwanza atafute viza.

Nawasilisha.