Mwalimu naye ahitaji kufundishwa

Mzazi anapolifungua daftari la mwanawe wa darasa la pili akakuta alama za kosa zimejaa ukurasa mzima, hukumu haikawii: ama mtoto ni mzembe, ama mwalimu hajui kazi yake. Huenda hukumu zote mbili si za haki. Liko jambo la tatu ambalo sisi wazazi hatulizungumzi sana, nalo ni namna mwalimu anavyoendelea kujifunza kazi yake baada ya kuajiriwa.

Natutazame hesabu moja: 42 kutoa 17. Watoto wengi huandika 35, wala hawabahatishi. Mtoto ameitazama safu ya mamoja, akaona 7 haitoki katika 2, akaigeuza: 7 kutoa 2 ni 5. Kisha akaenda kwenye makumi: 4 kutoa 1 ni 3. Amejitungia kanuni kwamba siku zote namba ndogo hutolewa katika kubwa, naye anaifuata kwa uaminifu. Mwalimu mwenye madaftari 80 ya kusahihisha huweka alama ya kosa na kupita. Kesho yake hurudia somo lilelile kwa maneno yaleyale, na mtoto hurudia kosa lilelile.

Sasa tuseme mwalimu huyo anayachukua madaftari matatu na kuwaonesha wenzake wawili wa madarasa ya chini. Mmoja anaigundua ile kanuni ya mtoto. Mwingine anakumbuka vijiti vya kuhesabia. Wanakubaliana kwamba kesho kila kikundi cha watoto kitapewa mafungu manne ya vijiti kumi kumi pamoja na vijiti viwili, kisha kitaambiwa kiondoe vijiti 17. Viwili havitoshi kutoa saba. Hapana budi fungu moja lifunguliwe. Yanabaki mafungu matatu na vijiti 12. Ondoa saba, vinabaki vitano. Ondoa fungu moja, yanabaki mawili. Jibu ni 25, na mtoto ameliona kwa macho yake kabla ya kuandikiwa ubaoni.

Maarifa hayo hayakuhitaji posho, nauli wala hoteli. Yalihitaji saa moja, madaftari matatu na walimu walio tayari kufunguliana milango ya madarasa yao.

Semina na mipaka yake

Hapa nchini, kila wimbi la watoto limeambatana na haja ya kuwaandaa walimu kwa haraka. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, vyuo havikuweza kutoa walimu wa kutosha elimu ya msingi kwa wote. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakawa wanafundisha huku wakisomeshwa ualimu kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowafuata walipo. Baadaye jina la "mwalimu wa UPE" likageuzwa kejeli. Hata hivyo, mpango ule ulikuwa na jambo moja la busara: mwalimu alijifunza kazi akiwa ndani ya kazi.

Ada ilipofutwa mwaka 2001, na michango ilipoondolewa kuanzia mwaka 2016, madarasa yalifurika tena. Njia iliyozoeleka ya kuwanoa walimu ikawa semina ya ngazi kwa ngazi. Wawezeshaji wa kitaifa huwafundisha wa mkoa, wa mkoa huwafundisha wa wilaya, na wa wilaya huwaita walimu wawili watatu kutoka kila shule. Semina ina manufaa yake, hasa mtaala unapobadilika. Lakini maarifa hupungua kila yanaposhuka ngazi, kama maji yanayosafirishwa katika ndoo inayovuja, na mwalimu anaporudi darasani huwa peke yake na watoto wake 80.

Watafiti wa Marekani, Bruce Joyce na Beverly Showers, walilieleza jambo hili tangu mwaka 1980. Kumweleza mwalimu nadharia humwongezea maarifa. Kumwonesha mfano na kumpa nafasi ya kufanya mazoezi humwongezea ujuzi. Ila ili ujuzi huo uingie katika ufundishaji wake wa kila siku, huhitaji mtu wa kumwona akifundisha, amwambie alichokiona, na arudi tena.

Mlango wa darasa ukifunguliwa

Wajapani wanao mtindo wa siku nyingi wauitao *jugyō kenkyū*, yaani uchunguzi wa somo. Walimu wa shule moja huchagua mada inayowashinda watoto na kuliandaa somo pamoja. Mmoja wao hufundisha, na wengine hukaa pembeni wakiwatazama wanafunzi: nani ameelewa, nani amekwama, na amekwama wapi. Kisha hukaa chini kulijadili somo. Kwa kuwa somo ni la wote, kosa likitokea ni la wote, na anayefundisha hajihisi yuko kizimbani.

Jirani zetu wa Kenya walifuata njia nyingine. Mpango wa Tusome, uliotekelezwa nchi nzima kuanzia mwaka 2015 katika madarasa ya mwanzo, haukuishia kugawa vitabu. Maofisa wa elimu waliingia madarasani wakiwa na vishikwambi, wakalifuatilia somo, wakawasikiliza wanafunzi wachache wakisoma, kisha wakazungumza na mwalimu palepale juu ya walichokiona.

Wakati mwingine jicho la mwenzako huona jambo dogo lenye uzito mkubwa. Mtafiti Mary Budd Rowe aligundua katika miaka ya 1970 kwamba walimu, wakishauliza swali, hungoja jibu kwa takriban sekunde moja tu. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na hata waliokuwa kimya walianza kusema. Ni mwalimu gani awezaye kujihesabia sekunde zake mwenyewe huku akifundisha? Mwenzake aliyeketi nyuma ya darasa aweza.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaujua mwenendo huu chuoni. Ustadhi kijana hakabidhiwi watoto siku ya kwanza. Huketi kwanza karibu na mwalimu wake, akasikiliza anavyorekebisha matamshi ya mwanafunzi, akajaribu, naye akarekebishwa.

Tulichonacho nchini

Nasi hatuanzi na mikono mitupu. Upo mpango wa serikali wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kwa jina la MEWAKA. Nguzo yake mojawapo ni Jumuiya ya Ujifunzaji, yaani walimu wa shule kukutana mara kwa mara, kuitaja mada inayowatatiza na kuitafutia ufumbuzi pamoja. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka mafunzo mtandaoni, na vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu. Vyombo vipo, kinachokosekana mara nyingi ni muda na heshima ya kukutana.

Hapo ndipo sisi wazazi tunapoingia, pengine bila kujua. Tukiwaona walimu wamekaa ofisini alasiri, husema wanapiga soga. Alasiri hiyohiyo huwalipa wawabakishe watoto wetu kwa twisheni, wakarudiwe somo ambalo halikueleweka asubuhi. Tunanunua dawa ya ugonjwa ambao saa moja ya walimu kukutana ingeweza kuuzuia. Tena hutaka mwalimu hodari apelekwe darasa la saba, ilhali mtoto asiyejua kusoma akiwa darasa la pili ameanza kupotea miaka mingi kabla ya mtihani.

Basi kikao cha wazazi kijacho kisiishie kwenye madawati na chakula cha mchana. Tumwulize mwalimu mkuu kwa adabu: Jumuiya ya Ujifunzaji hukutana siku gani? Mada ya mwezi huu ni ipi? Wewe mwenyewe uliingia darasa gani wiki hii, si kukagua, bali kusaidia? Kamati ya shule iilinde saa hiyo isiliwe na vikao vya michango. Na iwapo walimu wanakutana jioni, kikombe cha chai na kitafunwa kutoka kwa wazazi ni mchango mdogo wenye kusema kwamba tunaijua thamani ya wanachokifanya.

Nyumbani nako pana kazi. Daftari likirudi na kosa, kabla ya kukaripia tumwambie mtoto, "Nieleze ulivyofanya." Akieleza, tutaisikia kanuni aliyojitungia. Tumwandikie mwalimu mstari mmoja wa kumjulisha. Mstari huo waweza kuwa ndiyo mada ya kikao chao cha wiki, na watoto wengine darasani wenye kosa hilohilo wakanufaika nao.