Tundu la Moyo Likishazibwa: Mzazi, Angalia Pia Mapigo

Mtoto anapozaliwa na tundu kwenye moyo, wazazi wengi huamini kuwa tundu hilo likizibwa, safari ya matibabu imekwisha. Tunawakumbusha wazazi na walezi wa Mpanda na Mkoa wote wa Katavi kuwa lipo jambo jingine linalohitaji kufuatiliwa, nalo ni njia ya umeme wa moyo.

Moyo hupiga kwa nguvu ya umeme mdogo unaouzalisha wenyewe. Umeme huo huanzia katika chumba cha juu cha kulia, hupita katikati ya moyo, kisha huviamuru vyumba vya chini visukume damu. Njia yake hupita kwenye ukuta unaotenganisha vyumba hivyo, ambako matundu mengi hutokea. Katika baadhi ya kasoro, njia hiyo huwa dhaifu tangu mtoto akiwa tumboni. Wakati mwingine huumia katika upasuaji. Umeme usipopita, mapigo hupungua mno.

Hali hiyo ikijitokeza baada ya upasuaji, madaktari huusaidia moyo kwa waya za muda na kwa kawaida husubiri siku 7 hadi 10, kwani njia huweza kupona yenyewe. Isipopona, mtoto huwekewa betri ya moyo. Huduma hiyo hutolewa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mpanda. Kwa umbali huo, ni vema kuuliza yafuatayo kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani:

1. Je, mapigo ya mtoto yalibadilika wakati wowote baada ya upasuaji?
2. Kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, kirudiwe lini, na je, kinaweza kufanyika mkoani kwetu?
3. Kama amewekewa betri, itakaguliwa lini, na gharama zipi zinalipwa na bima?

Omba nakala ya kipimo cha mwisho pamoja na muhtasari wa matibabu. Mganga wa Karema au Inyonga asiyemfahamu mtoto atahitaji karatasi hizo ili alinganishe.

Tatizo hili huweza kujitokeza hata miaka kadhaa baadaye. Mpeleke mtoto kituo cha afya bila kuchelewa akizimia, akichoka kupita kawaida, akipata kizunguzungu au, kwa mtoto mchanga, akishindwa kunyonya na kupauka. Usikubali kuzimia kuitwe degedege au kifafa kabla moyo haujapimwa. Mweleze mhudumu mapema: “Mtoto huyu ana historia ya tundu la moyo, tunaomba apimwe umeme wa moyo.”

Kuuliza na kuelezwa ni haki ya mgonjwa. Itumieni.