Ngeu, rangi iliyonyimwa cheo

Siku ya soko Ngaramtoni, kwenye barabara ya Arusha kwenda Namanga, macho hukutana kwanza na shuka nyekundu. Kabla nguo za kiwandani hazijaenea, wekundu wa Waarusha na jirani zao Wamaasai ulichimbwa ardhini. Ni ngeu, udongo wenye oksidi ya chuma, unaosagwa na kukorogwa na mafuta ya mnyama hadi morani aweze kujipaka kichwa na mabega. Ukiitazama vizuri, ngeu si nyekundu hasa. Iko kati ya chungwa na kahawia, na kikemia ni ndugu wa kutu.

Rangi ya namna hiyo iliwasumbua wataalamu wa nembo za ngao huko Ulaya. Taaluma yao, iliyochipuka karne ya 12, ilikubali metali mbili, dhahabu na fedha, na rangi chache tu: nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau. Kanuni kuu ilikuwa rangi isikae juu ya rangi, wala metali juu ya metali, ili ngao itambulike kwa mbali. Chungwa-kahawia, waliyoiita tene, haikupata mahali. Ikikolea huonekana nyekundu, ikichujuka hudhaniwa dhahabu. Wakaitupa kwenye kundi dogo la rangi walizoziita madoa.

Baadaye waandishi wa Kiingereza wakadai kwamba madoa hayo yalichorwa kwenye ngao ya mtu aliyejiaibisha, kwa mfano mwoga au mwenye majigambo. Sijui nani angekubali kutembea na ngao inayomtukana, na kwa kweli ngao halisi zilizoadhibiwa hivyo hazijulikani. Ni adhabu ya vitabuni. Siku hizi tene huonekana zaidi kwenye nembo za vikosi vya mawasiliano vya jeshi la Marekani, ambavyo rangi yao ya jadi ni chungwa.

Chini ya Mlima Meru na katika nyika zinazouzunguka, ngeu ilikuwa na heshima yake. Ngao ya Kimaasai ilitengenezwa kwa ngozi ya nyati au ya ng'ombe, ikachorwa michoro iitwayo sirata. Rangi kuu zilikuwa tatu: nyeupe ya udongo, nyeusi ya masizi au mkaa, na nyekundu ya ngeu iliyoshikizwa kwa damu au kwa maji ya tunda la ndulele, mmea ule ule wenye miiba unaoota ovyo kando ya njia. Aliyejua kusoma michoro hiyo alitambua rika la mwenye ngao na upande anaotoka. Merker, afisa wa Kijerumani aliyekaa Moshi, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1904 kuhusu Wamaasai. Na hapo ndipo tofauti na Ulaya inaponivutia: alama ndogo nyekundu ya ushujaa haikuchorwa bila idhini ya kiongozi. Doa lilikuwa tuzo.

Waingereza walipoitawala Tanganyika waliweka kichwa cha twiga kwenye bendera, mnyama ambaye rangi yake iko karibu kabisa na tene. Taaluma ya ngao ina njia ya kukwepa tatizo kama hilo: mnyama hutajwa kuwa katika rangi yake ya asili, na mjadala unaishia hapo.

Nembo ya Taifa ya Tanzania, ambayo wengi bado huiita bibi na bwana, ina sehemu nyekundu chini ya bendera, na maana yake ni ardhi yenye rutuba. Tazama nakala zake ofisini na kwenye nyaraka: moja ina wekundu wa damu, nyingine wekundu wake umeelekea chungwa. Kwa kanuni za Ulaya zote ni sawa, kwa sababu kinachotajwa ni jina la rangi tu, na ukolezi wake ni hiari ya mchoraji. Hivyo mchoraji wa Ngaramtoni akiipaka sehemu hiyo ngeu halisi, wataalamu wa London hawatakuwa na la kumwambia. Sheria ya Tanzania kuhusu alama za taifa, hiyo ni habari nyingine.