Uliza Kwanza Gari Linaanzia Wapi

Mteja akinipigia simu, huanza na vyumba. Anataka viwili, kimoja masta, jiko la ndani, fensi, luku yake mwenyewe, na kama bahati ipo, pavingi uani ili watoto wasicheze kwenye tope. Nikimuuliza anafanya kazi wapi, wengine wanashtuka kana kwamba nimeuliza mshahara. Mimi ni dalali wa nyumba hapa Dar es Salaam. Gipsamu ya sebuleni nimeisifia sana katika maisha yangu, na najua mteja ataitazama usiku tu, tena amechoka. Kitakachommaliza ni njia.

Madalali tuna msemo wetu: "Dakika tano tu kutoka lami." Dakika tano hizo ni zangu mimi, nimekaa nyuma ya bodaboda, saa tano asubuhi, foleni imeshaisha na barabara imekauka. Wewe utaipita njia hiyo saa kumi na moja alfajiri kwa miguu, na saa mbili usiku ukiwa na mfuko wa sembe mkononi. Ukiona ni mbali utapanda boda. Tuseme boda ni buku, yaani elfu moja, kwenda na buku kurudi. Kwa mke na mume, siku 22 za kazi, ni shilingi 88,000 kila mwezi, na hapo bado hujapanda daladala. Kwa hela hiyo ungeongeza kwenye kodi ukakaa karibu na kituo. Hesabu hii nawapigia wateja wangu mbele ya mwenye nyumba, na kuna wenye nyumba ambao hawanipendi kwa sababu hiyo.

Mji huu ukitaka kuuelewa, fungua kiganja. Katikati ya kiganja ni Posta na Kariakoo. Vidole vinne ni barabara kuu: Bagamoyo kwenda kaskazini, Morogoro kwenda magharibi, Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Barabara ya Pugu, inayokwenda uwanja wa ndege na Gongo la Mboto, na Kilwa kwenda Mbagala. Kidole gumba ni Kigamboni, kimejitenga ng'ambo ya maji. Sensa ya 2012 ilikuta mkoani humu watu 4,364,541. Ile ya 2022 ikakuta 5,383,728. Hao milioni moja na ushee walioongezeka kwa sehemu kubwa hawakwenda kuishi Kariakoo. Wamejenga na kupanga huko kwenye kucha za vidole: Mbezi, Bunju, Chanika, Chamazi. Asubuhi wote wanarudi kwenye kiganja, na barabara ya kuvuka kutoka kidole hadi kidole bila kupita mjini ilikuwa hasa moja, ile ya Sam Nujoma na Mandela, inayotoka Mwenge, Ubungo, Buguruni, Tazara mpaka bandarini.

Kwa hiyo swali langu la pili kwa mteja, baada ya kazi, ni hili: unataka kukaa mwanzo wa gari au katikati ya njia? Wengi hujibu katikati, kwa sababu ni karibu zaidi na mjini. Hapo ndipo tunapoanza kubishana.

Mtazame mtu wa Baruti kwenye Barabara ya Morogoro. Usafiri wa mabasi ya mwendokasi ulianza Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Kwenye ramani mtu wa Baruti yuko karibu na kazi kuliko mtu wa Kimara. Lakini asubuhi basi linafika kwake limeshajaa tangu Kimara, milango ikifunguka unaona migongo tu. Linapita la kwanza, la pili, la tatu. Mwishowe anavuka upande wa pili, anapanda basi linalokwenda Kimara, ili akageuze nalo. Kugeuza na gari ni desturi ya mji huu tangu enzi za daladala: unarudi nyuma, unalipa, ili mradi upate siti. Mama mjamzito anageuza. Mwanafunzi anageuza. Mwenye kiatu cha kung'aa anageuza. Nyumba yake ameilipia zaidi kwa sababu iko karibu, halafu kila siku anajirudisha mwenyewe mbali. Mimi ningekuwa na watoto wa kuwahi nyumbani, ningepanga mahali gari linapoanzia, nikae, nisinzie, nifike nguo zikiwa zimenyooka.

Jioni mambo yanaweza kugeuka. Anayekaa mwisho wa njia ya daladala ndiye anayekatishiwa safari. Abiria wamepungua, konda anapiga bodi: "Mwisho hapa, gari linageuza!" Mnashushwa vituo vitatu kabla ya kwenu, nauli yote mmeshatoa. Kwa hiyo ukienda kuangalia nyumba ya mwisho wa ruti, usimuulize dalali gari la mwisho ni saa ngapi. Dalali atakwambia usiku kucha. Muulize mtu anayekaa kituoni.

Kuna dada mmoja alinifurahisha kwa hilo. Yeye ni muuguzi hospitali ya Mloganzila, kule Kibamba, na mumewe anatunza stoo ya bidhaa Vingunguti. Kazi mbili, vidole viwili tofauti. Mume alitaka Tabata kwa sababu ndugu zake wako huko. Mke alitaka Kibamba, atembee kwa mguu. Kila mmoja aliniita pembeni kunivuta upande wake, na mimi nikawapeleka Kinyerezi. Kinyerezi siku hizi imekaa vizuri kwa watu wa namna hiyo, kwa sababu ya ile lami inayotoka Mbezi kupitia Malamba Mawili, ikapita Kinyerezi na kutokea Banana kwenye Barabara ya Nyerere. Mume anashuka kuelekea mjini lakini haingii mjini. Mke anakwenda Mbezi, kisha anapanda gari la kutoka nje ya mji wakati mji mzima unaingia ndani. Asubuhi anapishana na foleni, yeye kakaa dirishani.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kawaida. Mume aliingia akapiga kuta kwa ngumi, kama wanaume wanavyofanya, akaridhika. Mke hakuingia moja kwa moja. Alirudi barabarani kwa mguu, mimi nyuma yake, mpaka kwa mama anayekaanga vitumbua pale kituoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vya ngapi?"

"Nifungie vinne. Mama, gari za hapa zinaisha saa ngapi?"

"Gari zipo mpaka saa nne. Ila ikishapita saa mbili, hizi za kutoka Kariakoo zinakatishia Segerea. Mnamalizia na bajaji, mnachanga." Akageuza kitumbua. "Wewe unafanya kazi za usiku?"

"Zamu, mama. Mimi nesi."

"Basi ongea na kijana wa boda wa hapa, mmoja, awe wako. Usibahatishe."

Yule mama alimwambia mambo mengine pia: maji ya bomba yanakuja kwa mgao, nyumba ile ya kona ina kisima na wanauza ndoo, mvua ikinyesha usipite njia ya bondeni. Kwa vitumbua vinne dada yule alipata taarifa ambazo mimi, kwa udalali wangu wa kodi ya mwezi mmoja, nisingempa zote. Siku hizi nawashauri wateja wafanye hivyo, maana mteja anayehama baada ya miezi mitatu ananitangazia ubaya.

Mantiki hiyo ya Kinyerezi inafaa na kwingine. Mtu ana kazi Mwenge na mwenzake Ubungo au Kibaha, namwonyesha Goba, kwa kuwa ina lami ya kwenda Mbezi Mwisho na ya kutokea Tangi Bovu kwenye Barabara ya Bagamoyo, na nyingine inayoshukia Makongo. Goba ni vilima. Nyumba nzuri nyingi ziko chini, na gari dogo wakati wa masika haliwezi kupanda. Wote wawili wakiwa Kariakoo au Posta, sioni sababu ya kuwazungusha huko, wachague kidole kimoja na wakae kwenye mwanzo wa gari.

Kuhusu shule nina msimamo mmoja ambao wazazi hawaupendi. Shule iwe karibu na nyumba, hata kama si ile mliyoitamani. Siku chache ninazotoka alfajiri naona magari ya shule yakizunguka mitaani saa kumi na moja, watoto wa chekechea wameegemea vioo, midomo wazi, wamelala. Mtoto wa namna hiyo ameamshwa saa kumi, na jioni anakuwa miongoni mwa wa mwisho kushushwa. Unaweza ukawa umechagua mtaa wenye njia nzuri kwako, halafu foleni ukamhamishia mtoto. Shule za msingi za serikali hazina ada, za binafsi nazo zimejaa kila mtaa. Ukienda kutazama nyumba, simama njiani mchana wanapotoka darasani, uone kama wanatembea kwa makundi, na kama kuna barabara kubwa ya kuvuka. Halafu kuna zile saa kati ya shule kufungwa na wewe kurudi. Mtoto atakuwa na nani? Mtaa ambao mwenye duka anajua huyu ni mtoto wa fulani unakusaidia kuliko ukuta mrefu wenye nyaya za umeme. Kwenye mageti hayo makubwa jirani hamjui jirani, na mtoto akiumia hakuna wa kumpigia simu mama yake.

Mvua. Watu wanaangalia nyumba Agosti, wakati hata bondeni kumekauka. Masika huanza Machi mpaka Mei, vuli kuanzia Oktoba mpaka Desemba, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu wengi bonde la mto Msimbazi, baadhi wakapewa viwanja Mabwepande. Maji ya Msimbazi yakifunika Jangwani, Barabara ya Morogoro hufungwa na mwendokasi huishia Magomeni. Kwa hiyo hata ukikaa mlimani Kimara, juu kabisa, siku hiyo una matatizo ya mtu wa bondeni. Uliza njia ya pili. Mahali penye njia moja tu ya kutokea mimi napapunguza bei kichwani mwangu hata kabla sijafungua geti.

Kigamboni ina wapenzi wake. Viwanja vya Kibada na Gezaulole vilipimwa na serikali katika ule mradi wa viwanja 20,000, mitaa imenyooka, upepo upo. Daraja la Nyerere, mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016, lakini lina tozo kwa magari na linakutoa Kurasini, wakati pantoni inakutoa Kivukoni, karibu kabisa na maofisi. Kwa mtu wa Posta anayekaa karibu na pantoni napasifia bila wasiwasi. Kwa mtu wa Mwenge, hapana.

Treni ya umeme ilipoanza kwenda Morogoro, Juni 2024, mteja mmoja aliniuliza kwa uso mkavu kabisa kama nina nyumba Morogoro mjini. Safari ni chini ya saa mbili, alisema, na yeye kutoka Bunju hutumia muda kama huo. Sikuwa na la kumjibu. Nilimpa namba ya mwenzangu wa huko.

Wanaotaka kununua kabisa huwa nawaomba wapange kwanza mtaa huohuo, walau wapitishe masika moja. Haraka yao huwa ni habari za barabara mpya inayokuja. Njia za mwendokasi zimeendelea kujengwa kwenye Kilwa, Nyerere na Bagamoyo, na bei za viwanja zilipanda zege likiwa bado bichi. Lakini zege la Barabara ya Kilwa lilikaa muda mrefu likisubiri mabasi. Hesabu usafiri uliopo leo. Halafu ukumbuke Kimara hadi Kiluvya, mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, hifadhi ikihesabiwa mita 121.5 kila upande. Waliokuwa na fremu nzuri kabisa kando ya lami ndio walioamka na alama ya X nyekundu ukutani. Kabla hujatoa hata shilingi, nenda serikali ya mtaa, kisha ofisi ya ardhi ya manispaa, uone ramani ya mipango miji kwa macho yako.

Na kama unapanga tu, mwambie dalali akupeleke Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, mpande gari la watu kutoka pale kituoni mpaka mlangoni pa kazi yako, yeye pembeni yako. Mwambie utamlipia nauli. Wengi wetu tutakataa, kwa sababu saa hiyo tumelala.