Aina ya Mbwa na Bima ya Nyumba

Nchini Marekani, mtu anayenunua nyumba kwa mkopo hulazimika kuikatia bima, kwa kuwa mkopeshaji hakubali kutoa fedha zake bila ya kinga hiyo. Katika fomu ya maombi, pamoja na maswali kuhusu paa, mabomba na nyaya za umeme, mara nyingi huwamo swali jingine: je, nyumbani anafugwa mbwa, na ni wa aina gani? Jibu laweza kupandisha ada, kupunguza kinga, au kufanya maombi yakataliwe. Yafaa basi kuchunguza iwapo aina ya mbwa ni kipimo cha kweli cha hatari.

Mbwa ndani ya mkataba wa bima

Bima ya nyumba ya Kimarekani haikingi jengo na vyombo peke yake. Huchukua pia dhima ya mwenye nyumba, yaani wajibu wake wa kisheria wa kumlipa fidia mtu mwingine aliyeumizwa. Mbwa akimwuma jirani au mpeleka barua, bima hulipa gharama za matibabu na za kesi, kwa kawaida hadi kikomo cha dola 100,000 mpaka 300,000. Kinachozidi hapo hutoka mfukoni mwa mwenye mbwa. Katika majimbo mengi sheria humwajibisha hata kama mbwa wake hakuwahi kumwuma mtu hapo kabla.

Gharama hizo si ndogo. Mwaka 2023 makampuni ya bima ya Marekani yalipokea madai yapatayo 19,000 yaliyotokana na mbwa, yakalipa kiasi cha dola bilioni 1.12. Kwa wastani, kila dai liligharimu zaidi ya dola 58,000.

Kampuni inayohofia hasara hiyo hukataa maombi, au huandika kifungu cha kumtoa mbwa katika kinga, au hupunguza kikomo cha malipo, au hupandisha ada. Orodha za mbwa wanaohofiwa hutofautiana, lakini mara nyingi hutajwa Pit Bull, Rottweiler, Doberman, Akita, Chow Chow, na mbwa waliochanganya damu na mbwa-mwitu. Yapo pia makampuni yasiyouliza aina kabisa.

Hoja ya makampuni

Kampuni haiwezi kumpima kila mbwa tabia yake. Kwa hiyo hutafuta alama iliyo rahisi kuandikwa katika fomu, nayo ni aina. Tena mbwa mkubwa mwenye taya zenye nguvu, akiuma, hujeruhi kuliko mbwa mdogo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu vifo 238 vilivyosababishwa na mbwa nchini humo kati ya 1979 na 1998 ulionyesha kuwa Pit Bull na Rottweiler walihusika katika zaidi ya nusu ya vifo hivyo.

Hata hivyo watafiti hao wenyewe walionya kuwa idadi kamili ya mbwa wa kila aina haikujulikana. Bila ya idadi hiyo, kiwango cha hatari hakiwezi kukokotolewa. Kwa mfano, ikiwa mbwa 10 wa aina moja wameuma kati ya 1,000, na mbwa 5 wa aina nyingine wameuma kati ya 100, aina ya pili ndiyo ya hatari zaidi, mara tano, ijapokuwa walioumwa nayo ni wachache.

Macho na chembe za urithi

Tatizo la pili ni kumtambua mbwa. Katika uchunguzi uliofanyika Florida na kuchapishwa mwaka 2015, wafanyakazi wa vituo vinne vya kuhifadhia mbwa waliangalia mbwa 120. Mbwa 62 walitajwa, angalau na mfanyakazi mmoja, kuwa wa jamii ya Pit Bull. Kipimo cha chembe za urithi kilionyesha kuwa 25 tu kati ya mbwa wote 120 walikuwa wa jamii hiyo.

Mwaka 2022 wataalamu walitangaza matokeo ya kuchunguza chembe za urithi za mbwa zaidi ya 2,000, pamoja na majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000. Aina ilieleza kiasi cha asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa mmoja na mwingine. Na uchunguzi wa vifo 256 vya miaka ya 2000 hadi 2009 ulionyesha kuwa katika vingi vyake hapakuwa na mtu mzima wa kuokoa, mbwa hakuwa amehasiwa, au alikuwa amefugwa mbali na watu.

Sheria na wajibu wa mfugaji

Mwaka 2021 majimbo ya Nevada na New York yalitunga sheria za kuzuia makampuni kumnyima mtu bima ya nyumba, au kumpandishia ada, kwa sababu ya aina ya mbwa peke yake. Lakini mbwa aliyekwisha kutangazwa kuwa wa hatari bado huweza kuzingatiwa. Hivyo kinachopimwa ni mwenendo wa mbwa mwenyewe.

Mahali pasipo na sheria hiyo, wako wanaoshawishika kumficha mbwa. Hilo ni kosa kubwa. Kampuni ikigundua udanganyifu yaweza kukataa kulipa au kuuvunja mkataba. Mtoto aliyeumwa akakosa fidia ya haraka, na familia ikahatarisha nyumba yake. Lililo salama ni kusema kweli, kusoma vifungu vyote kabla ya kutia saini, na kutafuta bima ya pekee ya mbwa ikiwa ametolewa katika kinga. Juu ya hayo, mbwa afundishwe, ahasiwe, awekewe ua imara, wala asiachwe peke yake na mtoto mdogo.