Wawili kwa pikipiki moja: Nani aamue kusimama?

Huenda umewaona, msomaji: mume na mke juu ya pikipiki iliyosheheni masanduku, wakishuka kutoka Moyale kuelekea Isiolo, katika safari ya miezi mingi kutoka Cairo hadi Cape Town. Barabara hiyo ya kilomita zipatazo 500 sasa ni ya lami. Zamani mashimo yaliwalazimisha wasafiri kupumzika; leo waweza kwenda saa tatu bila kusimama.

Huko kaskazini upepo hukausha jasho kabla hujalihisi. Anayeendesha husimama apendapo. Aliye nyuma, na aghalabu ni mke, hujinyima maji ili asimsumbue mwenzake kwa kuomba kwenda haja. Kichwa humuuma, mkojo huwa mweusi kama chai isiyo na maziwa, na mara nyingine huambukizwa maradhi ya njia ya mkojo.

Kwa hivyo simameni kila baada ya saa moja na nusu, aombe mtu asiombe. Vueni helmeti, mnywe maji, mtazamane usoni. Mwenzako akinyamaza ghafla au akifoka kwa jambo dogo, usidhani ni ugomvi wa nyumbani. Huenda ni kiu.

Mkiandikiwa doksisaiklini ya kuzuia malaria (mjamzito asiitumie), imezeni kila siku, na kwa wiki nne baada ya kutoka penye malaria. Huifanya ngozi iungue upesi juani, basi msivue glavu. Na mmoja akishikwa na homa, pikipiki ilale penye zahanati mpaka damu ipimwe.