Mkaguzi wa Nyumba si Mpiga Ramli



Mwaka hadi mwaka tunawaona jamaa zetu hapa Azaiba wakinunua nyumba kwa fedha walizozidunduliza umri mzima, na katika ununuzi huo tumezoea kuuliza mambo mawili tu: bei, na jina la muuzaji. Tukisikia kuwa muuzaji ni mtu wa kwetu, na pengine baba yake alisoma chuo kimoja na baba yetu huko Unguja, basi tunaona haya hata kugonga ukuta. Kumpeleka mhandisi akakague tunakuhesabu kuwa ni kumtuhumu mwenzetu.

Haya hiyo haikuwekwa mahali pake. Fikihi ya biashara inamlazimu muuzaji kuidhihirisha ila anayoijua, na inampa mnunuzi khiyari ya kukirejesha kitu akikuta ndani yake aibu iliyofichikana. Aletaye mkaguzi hajamtukana mtu. Muuzaji mkweli huweza kusema anayoyajua tu, na ya ndani ya zege mara nyingi hayajui.

Lipo kosa la upande wa pili, nalo ni la wale walioishinda haya wakamwita mkaguzi, kisha wakamtarajia awe mdhamini. Mwenzetu mmoja alilipa, akaambiwa nyumba i katika hali nzuri, akahamia. Mvua ya kwanza iliponyesha, baada ya miezi minane, dari ya chumba cha watoto ikaanza kutona. Alitujia na ripoti mkononi, amehamaki, ataka kumshitaki aliyeiandika. Tukaketi tukaisoma pamoja. Ukurasa wa tisa ulisema waziwazi: paa limetazamwa kwa macho tu, halikujaribiwa kwa maji. Hakuwahi kuufikia ukurasa huo. Alisoma wa kwanza, akafurahi.

Mkaguzi huja mara moja, akakaa saa mbili tatu, akatazama kinachotazamika siku hiyo. Habomoi lipu, hachimbi msingi, hasogezi kabati la mwenye nyumba. Hupanda paani, huwasha taa na viyoyozi, hufungua mabomba, huchungulia tangi na pampu, hufungua sanduku la umeme kuona kama waya wa ardhini umeungwa, kisha huandika. Anachokuuzia ni habari za siku moja, si za miaka kumi ijayo. Nyumba isiyo na kasoro hatujaiona, hata iliyokabidhiwa jana, kwa hiyo ripoti yenye kasoro arubaini isikutishe. Kitasa kilicholegea na nguzo iliyopasuka kila kimoja hupewa mstari wake. Ni juu yako kumwuliza: katika hizi, zipi zingekuzuia wewe mwenyewe kulala humu na wanao?

Wala kuujua ubovu si kuuondoa. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ilijulikana kwa miaka mingi kuwa imechoka. Sehemu ya baraza zake ilianguka mwaka 2012. Tarehe 25 Disemba 2020, mafundi wakiwa katika kazi ya ukarabati uliogharimiwa na Oman, upande mkubwa wa mbele ukaporomoka na watu wawili wakafariki.

Kwa nyumba za pwani kama hizi zetu, tungependa swali la kwanza liwe la chumvi. Iko katika hewa ya bahari, iko katika maji ya chini ya ardhi, na pengine iko katika mchanga uliojengewa. Ikilipenya zege ikaifikia nondo, nondo hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, hata zege likapasuka kutoka ndani. Dalili zake ni mistari ya hudhurungi chini ya boriti, lipu iliyovimba, na mlio mtupu ukigonga kwa nyundo ndogo. Rangi mpya huifunika mistari, mlio haiufuniki.

Paa nalo ni mtihani, kwani Maskati hupata takriban milimita 100 tu za mvua kwa mwaka, na paa bovu huweza kukaa kavu muda mrefu. Muombe muuzaji ruhusa ya kuziba matundu ya kutolea maji na kulijaza paa kwa siku moja au mbili. Kiyoyozi kilichopoza vizuri mwezi wa Januari hakijasema lolote juu ya Juni. Na mafuriko mkaguzi hayaoni kabisa pale kuta zilipokwisha kupakwa rangi: waulize majirani maji yalifika wapi Gonu ilipopiga, Juni 2007.

Mipaka ya kiwanja, hati ya miliki na vyumba vilivyoongezwa bila kibali cha baladia si kazi ya mkaguzi. Hayo yatafute katika krokii na kwa wenye mamlaka. Sheria ya Miamala ya Kiraia, iliyotolewa kwa Amri ya Kisultani namba 29 ya 2013, inawabebesha mkandarasi na mhandisi dhamana ya miaka 10 kwa jengo kuporomoka au kuwa na ila inayohatarisha uimara wake. Vigae vilivyobanduka havimo. Basi uliza pia nani aliyejenga, na lini. Na mkaguzi mtafute mwenyewe, umlipe mwenyewe. Anayeletwa na dalali ana mabwana wawili.

Mwenzetu wa ukurasa wa tisa hakwenda mahakamani. Aliziba matundu ya paa lake, akajaza maji kina cha vidole vitatu, akangoja. Siku ya pili yakatona pale pale, chini ya tundu lililotobolewa kupitishia bomba la kiyoyozi. Fundi alilimaliza kabla ya alasiri.